Kwa Nini Hukuja? Kutoa Sababu Katika Kitelugu

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na sisi wa kutwa twajulikana kwa kitu kimoja: sababu. Kila asubuhi langoni mwalimu wa zamu huuliza, "Mbona umechelewa?" nasi hujibu, "Kwa sababu ya mvua, mwalimu." Kumbe kuna watu ambao sentensi kama hiyo huipanga kinyume, na mgeni akikosea mpangilio huo, udhuru wake wote hupotea.

Watu hao ni wasemaji wa Kitelugu, wa majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana huko India. Sensa ya India ya 2011 ilihesabu zaidi ya milioni 80 wenye lugha hiyo kuwa lugha mama. Msidhani ati kila mtu wa India husema Kihindi! Kitelugu hata si ndugu ya Kihindi, bali ni cha jamii ya Kidravidi pamoja na Kitamil. Dadangu alisomea Hyderabad miaka minne, akarudi na daftari zima la maneno. Daftari hilo ndilo mwalimu wangu.

Dada alipanga chumba kwa mama mmoja. Siku ya Ugadi, yaani mwaka mpya wa Watelugu, mama yule alimwalika kula. Bahati mbaya dada akashikwa na homa, akalala siku nzima. Kesho yake akaenda kuomba radhi. Alikuwa amejifunza kwamba neno kabatti ni "kwa sababu", basi akasema:

"Nenu raledu kabatti jvaram vacchindi."

Nenu ni mimi, raledu ni sikuja, jvaram ni homa, vacchindi ni ilikuja. Kichwani mwake alikuwa anasema, "Sikuja kwa sababu homa ilikuja." Mama wa watu akamtazama, akanyamaza, akaingia ndani. Na chakula alikuwa amemwekea tangu jana!

Kosa lilikuwa wapi? Kabatti haitangulii sababu kama "kwa sababu" yetu. Huja nyuma ya sababu, halafu matokeo ndiyo yanafuata. Kwa hiyo mama alisikia, "Sikuja, kwa hivyo homa ikaja." Sasa hiyo ni sababu gani? Dada amegeuza kutokuja kuwa ndiko kulikoleta homa, na kwa nini hakuja bado hajasema. Alipaswa kusema, "Jvaram vacchindi kabatti nenu raledu." Homa ilikuja, kwa hivyo mimi sikuja. Ukitaka usisahau, usiitafsiri kabatti kwa "kwa sababu"; itafsiri kwa "kwa hivyo", nawe hutapotea.

Tabia hii ya kuweka neno nyuma si ya kabatti peke yake. Kitelugu hupenda kitenzi kikae mwisho wa sentensi, na maneno yetu ya mbele huko huwa ya nyuma. Sisi twasema "kwa sababu ya mvua". Wao husema varsham valla, ambapo varsham ndiyo mvua na valla ndiyo "kwa sababu ya". Wakitaka kutumia kitenzi hukigeuza kuwa jina, kama sisi tunavyofanya na "kuja". Kuja ni ravadam. Basi varsham ravadam valla ni "kwa sababu ya kuja kwa mvua", ila uisome kutoka nyuma.

Kuna njia nyingine, na kwangu mimi ndiyo rahisi kuliko zote: endukante. Neno hili limeunganishwa kutoka enduku, "kwa nini", na ante, "ukisema". Ni kama mtu anayejiuliza na kujijibu mwenyewe: sikuja, ukisema kwa nini, homa. Hapa waweza kuanza na matokeo bila hatia: "Nenu raledu, endukante jvaram vacchindi." Dada angejua hili mapema asingekosana na mtu.

Wakati mwingine sababu huingia ndani ya kitenzi chenyewe, na hapo Kiswahili na Kitelugu hufanana kidogo ingawa hawana undugu wowote. Sisi tuna cheka na chekesha. Wao wana navvu na navvinchu.

Ilichukua siku mbili binti wa mama yule kugundua kosa. Alimfundisha dada sentensi ile ngazini, akaikariri, akabisha hodi. "Jvaram vacchindi kabatti nenu raledu." Mama hakusema neno juu ya Ugadi. Aliuliza tu, "Tinnava?" Yaani, umekula?

Anayetaka kuona daftari anitafute saa ya chakula cha mchana, darasa la pili kutoka maktaba. Lakini kulibeba nyumbani siruhusu.