Kiungo Kidogo, Amana Kubwa
Pikipiki ya BMW R 1150 GS ina pampu ndani ya tangi, isukumayo petroli kwa shinikizo la takriban baa 3. Nyingi zilikuja na viungo vya plastiki, navyo hupasuka kwa uzee, petroli ikaimwagikia injini yenye moto. Dawa yake ni viungo vya chuma vyenye vali, vijifungavyo vitenganishwapo.

Injini ipoe kwanza, cheche na sigara ziwe mbali. Ncha za mipira zikatwe sawasawa, zikazwe kwa klipu. Kisha swichi ifunguliwe, injini isiwashwe bado: likionekana tone moja, safari isianze. Kiungo hununuliwa, roho hainunuliwi.