Haiti: Watumwa waliojikomboa, kisha wakatozwa fidia

WAKENYA wengi walianza kulitaja jina la Haiti kila siku mnamo Juni 2024, polisi wetu wa kwanza walipotua Port-au-Prince kukabiliana na magenge. Habari za wakati huo zilihusu risasi na njaa. Ni nadra kusikia kuwa nchi hiyo ya Karibi iliasisiwa na watumwa waliojikatia minyororo wenyewe.

Wenyeji wa asili, Wataino, walikiita kisiwa hicho Ayiti, yaani nchi ya milima. Columbus alitia nanga hapo Desemba 1492, na katika vizazi vichache tu maradhi na kazi za shokoa zikawa zimewafyeka. Mnamo 1697 Ufaransa ilitwaa theluthi ya magharibi ya kisiwa, ikaiita Saint-Domingue na kuijaza mashamba ya miwa na kahawa. Kufikia 1789 palikuwa na watumwa wapatao 500,000, wengi wakiwa wamezaliwa Afrika.

Agosti 1791 watumwa hao waliasi. Toussaint Louverture, aliyekuwa mtumwa zamani, aliwaongoza kwa ustadi hadi Wafaransa walipomnasa kwa hila. Akafia ngomeni huko Ufaransa, Aprili 1803. Hata hivyo, jeshi la Napoleon lilishindwa Vertières Novemba mwaka huo, na Januari 1, 1804 Jean-Jacques Dessalines akatangaza uhuru.

Siku hiyo ingali inaadhimishwa kwa sufuria. Kila Mwaka Mpya Wahaiti hupika soup joumou, supu ya malenge ambayo, kwa masimulizi yao, watumwa waliwapikia mabwana lakini wakakatazwa kuionja. UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi za kitamaduni zisizoshikika mwaka wa 2021. Lugha yao ya Krioli, iliyozaliwa mashambani humo, ilisubiri hadi 1987 kufanywa rasmi sambamba na Kifaransa. Nayo dini ya Vodou, ambayo filamu za Hollywood zimeichora kama uchawi mtupu, ina mizizi katika imani za Dahomey na ilitambuliwa na serikali mnamo 2003.

Lakini uhuru huo ulilipiwa mara mbili. Aprili 17, 1825 Mfalme Charles X alitoa amri kuwa Ufaransa ingeitambua Haiti iwapo ingelipa faranga milioni 150 kuwafidia wenye mashamba. Hasara waliyodai haikuwa ya ardhi pekee, bali pia ya watu waliokuwa wakiwamiliki! Amri yenyewe ilifikishwa kwa manowari, naye Rais Jean-Pierre Boyer akaikubali.

Haiti haikuwa na fedha hizo. Ililazimika kukopa kutoka benki za Ufaransa ili kulipa awamu ya kwanza ya faranga milioni 30, na hivyo kujitwisha deni juu ya deni. Kiasi kilipunguzwa hadi milioni 90 mnamo 1838, lakini mikopo iliyotokana nacho haikumalizika hadi 1947. Fedha za kahawa ambazo zingejenga shule na barabara zilivuka bahari mwaka baada ya mwaka.

Mnamo 2003 Rais Jean-Bertrand Aristide aliidai Ufaransa irejeshe zaidi ya dola bilioni 21. Aling'olewa mamlakani Februari 2004, na dai hilo likaachwa. Aprili 17, 2025, miaka 200 kamili baada ya amri ya Charles X, Rais Emmanuel Macron alitangaza tume ya wanahistoria wa nchi zote mbili kuchunguza suala hilo. Hakuahidi malipo yoyote.