Moshi na asali: Sosi ya saladi ya hotelini unayoweza kuitengeneza nyumbani

Anayeonja kwa mara ya kwanza sosi ya saladi ya asali na pilipili ya moshi huuliza swali moja: wameweka nini humu? Utamu hutangulia, siki ikafuata, pilipili ikapanda taratibu, na mwisho mdomoni hubaki harufu ya nyama choma ilhali kwenye sahani hakuna nyama. Wengi huamini ladha ya namna hiyo ni kazi ya kiwanda. Sivyo. Ni pilipili iliyokaushwa kwa moshi wa kuni, asali, siki, mafuta na chumvi. Kila mwenye jiko la mkaa uani ana nusu ya vifaa tayari, na sosi atakayoitengeneza inaweza kuipita ile ya chupa.

Sosi yenyewe tumeipata Marekani, lakini pilipili yake ni ya Mexico. Mwaka 1993 mpishi Steve Ells alifungua mgahawa mdogo jijini Denver, karibu na chuo kikuu cha mji huo, kwenye jengo lililokuwa duka la aiskrimu. Akaupa jina la Chipotle, ambalo ndilo jina la pilipili hiyo ya moshi. Ells alikuwa amesomea upishi na kufanya kazi kwenye mgahawa wa kifahari San Francisco, mji ambao vijihoteli vya vyakula vya Kimexico havikosi foleni. Leo mgahawa ule una matawi zaidi ya 3,000, na sosi yake ya saladi ya asali ni miongoni mwa vitu ambavyo wateja hupenda sana kuviiga majumbani mwao.

Siri, kama ipo, iko kwenye pilipili. Chipotle hutokana na jalapeño. Jalapeño ni pilipili nono, urefu wake unakaribia kidole, na kwa kawaida huchumwa ikiwa bado ya kijani. Zinazoachwa mtini mpaka ziwe nyekundu kabisa ndizo zinazopelekwa kwenye moshi. Nyama yake ni nene na ina maji mengi, kwa hiyo ukiianika juani huelekea kuoza kabla haijakauka. Wenyeji wa Mexico walilijua tatizo hilo karne nyingi kabla ya Wahispania kutia nanga, wakalitatua kwa kutandaza pilipili kwenye vichanja juu ya moto mdogo wa kuni. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa nchi. Pilipili hukaa kwenye moshi siku kadhaa, ikigeuzwa mara kwa mara, mpaka inywee na kuwa na mikunjo. Kilo 10 za pilipili mbichi hutoa takriban kilo 1 ya kavu. Maji yakishaondoka, kinachobaki ni sukari ya tunda lenyewe, ukali na moshi, na ndiyo maana pilipili hii huwa na utamu hata kabla haijakutana na asali. Wanaobanika samaki kando ya Ziwa Victoria hawahitaji kufundishwa hesabu hiyo.

Wahispania nao wana pilipili yao ya moshi. Katika bonde la La Vera, jimbo la Cáceres, pilipili nyekundu hukaushwa kwa moto wa kuni za mwaloni kwa muda unaokaribia wiki mbili, kisha husagwa kuwa unga laini wa rangi ya matofali. Ukiuona unga huo kwenye duka kubwa la Nairobi au Dar es Salaam, nunua kopo dogo. Litakupunguzia kazi.

Lakini makala haya nawaandikia zaidi wale ambao hawataupata, au wataupata kwa bei inayowafanya waurudishe kwenye rafu. Tunaweza kuutengeneza moshi wetu wenyewe. Moshi si jambo geni jikoni kwetu. Wakalenjin wamefukiza vibuyu vya mursik, maziwa yao ya mgando, tangu zamani, na Wahindi waliokaa pwani yetu vizazi kwa vizazi hutumbukiza kaa la moto na samli ndani ya sufuria ya kari, wakafunika dakika chache, chakula kikatoka na harufu ya moto wa kuni. Kwa sosi yetu tunaiazima mbinu hiyo ya Wahindi, ila tunaitumia kwenye mafuta.

Kwa nini mafuta? Kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha, kile kinachoufanya mti uwe mgumu, yaani lignini, huvunjika na kutoa kemikali kama guayakoli na siringoli. Hizo ndizo zinazokupa ladha na harufu ya moshi. Huyeyuka kwenye mafuta kwa urahisi kuliko kwenye maji. Ukiyafukiza mafuta kwanza, moshi unapata pa kukaa, na utasambaa kwenye kila jani la saladi. Ukifukiza siki au asali, kazi inakuwa kubwa na faida ndogo.

Basi tuanze. Washa jiko la mkaa nje, penye hewa. Hilo la hewa si la mapambo: mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua watu wengi wakiwa usingizini. Usiuwashe kwa mafuta ya taa, kwa sababu harufu yake haitoki, na sosi yako itanuka kibatari. Tumia vijiti vikavu au karatasi. Subiri mpaka makaa yapate jivu jeupe juu.

Wakati makaa yako bado na nguvu, choma pilipili hoho moja nyekundu, nzima, moja kwa moja juu yake. Igeuze kwa koleo. Ngozi lazima iwe nyeusi pande zote na nyama ndani ilegee. Pembeni, mahali penye joto dogo, weka punje mbili za kitunguu saumu zikiwa na maganda yake. Hoho ikishaiva, itie kwenye bakuli, ifunike kwa sahani dakika 10, kisha imenye kwa vidole. Tafadhali usiioshe. Mtu akiona masizi mikononi hukimbilia bombani, na hapo maji huondoka na ile asali nyekundu iliyojikusanya chini ya ngozi. Futa kwa karatasi ya jikoni tu, na vipande vichache vyeusi vikibaki viache. Toa mbegu.

Sasa chukua pilipili kavu mbili, zile ndefu nyekundu zinazouzwa kwenye vibanda vya viungo. Zipitishe juu ya makaa kwa sekunde chache tu, mpaka zinukie. Zikigeuka nyeusi zitupe, maana pilipili kavu iliyoungua huleta uchungu ambao hakuna asali itakayouficha. Hapa ndipo wapishi wengi hukosea, wakidhani kilichoungua ndicho chenye moshi. Moshi hutoka kwa kuni zinazofuka polepole. Kuungua ni kitu kingine, na mdomo huvitofautisha mara moja. Zitoe mbegu, kisha ziloweke kwenye maji ya moto mpaka zilainike. Pilipili mbuzi sikushauri: ina ukali wa kukimbiza watoto mezani na harufu yake kali itafunika kila kitu.

Kisha mafuta. Pima mililita 120 za mafuta ya alizeti, karibu nusu kikombe, uyamimine kwenye sufuria pana yenye mfuniko unaobana. Weka sufuria chini, mbali na jiko, mafuta yakiwa ya baridi. Katikati simamisha kibakuli kidogo cha chuma. Cha kioo kinaweza kupasuka. Kwa koleo, weka ndani ya kibakuli kaa moja linalowaka, na juu ya kaa hilo tupia vipande vidogo vya kijiti kikavu cha mpera. Moshi utaanza kupanda mara moja, wa rangi ya buluu hafifu. Funika. Dakika 5 zinatosha, 10 ni nyingi. Epuka kuni za msonobari au mti wowote wenye utomvu wa kunata, maana moshi wake ni mzito na mchungu, na usitumie kamwe mbao zilizopakwa rangi au dawa. Ukifunua, toa kaa kwa uangalifu lisianguke kwenye mafuta. Chovya kidole, onja. Mafuta yale yale ya alizeti uliyoyazoea yatakuwa na ladha mpya kabisa.

Mwenye unga wa pilipili ya Hispania afanye hivi: apashe mafuta mpaka yawe vuguvugu, aepue, ndipo atie kijiko kimoja cha chai cha unga na kukoroga. Asitie mafuta yakiwa motoni. Unga huo una sukari na huungua haraka.

Kwenye blenda weka hoho, saumu iliyomenywa na pilipili zilizolowekwa. Ongeza vijiko vikubwa vinne vya siki ya tufaha na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Chumvi itangulie hapo, kwa kuwa huyeyuka kwenye siki na haiyeyuki kwenye mafuta. Anayeitia mwisho hulalamika kwamba sosi ni dorora na papo hapo meno yake yanasaga punje za chumvi. Siki nyeupe ya bei nafuu inafaa pia, ila ni kali na haina ladha nyingine. Ukiwa nayo hiyo tu, tumia vijiko vitatu na ujazie kimoja cha maji mazito ya ukwaju. Mimi naona ukwaju unapatana na moshi kuliko hata siki ya tufaha, na sijui kwa nini migahawa yetu haijautumia zaidi.

Kisha asali, vijiko vikubwa vitatu. Nchi zetu zimebarikiwa kwa hili. Asali ya misitu ya miombo ya Tabora ni nyeusi kiasi, ina ladha nzito, na husimama imara mbele ya moshi kuliko asali nyepesi ya maua. Ya Kitui nayo ni nzuri. Ikiwa imeganda kwenye chupa, usiseme umeuziwa sukari: asali halisi huganda, na ukiisimamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi kuwa majimaji. Asali ya nyuki wadogo wasiouma iache kabatini. Ni nyepesi, ina uchachu wake, na bei yake ni kubwa mno kuitia kwenye sosi ambayo pilipili itaifunika.

Ongeza nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, nusu kijiko cha oregano kavu, pilipili manga, na kijiko kimoja cha chai cha haradali iliyo tayari. Haradali haiko hapo kwa ladha peke yake. Mafuta na siki havipatani. Ukivichanganya vinaachana baada ya dakika chache. Ute wa mbegu ya haradali huvizunguka vitone vya mafuta na kuvizuia visikutane tena, na uzito wa asali na hoho husaidia kuvishikilia. Saga mpaka kila kitu kiwe laini. Ndipo, blenda ikiendelea kuzunguka, mimina yale mafuta ya moshi kwa uzi mwembamba, bila haraka. Utaiona sosi ikibadilika rangi kutoka nyekundu iliyokolea kuwa ya chungwa, na ikianza kushika ukingo wa blenda. Asiye na blenda aponde kwa kinu na mchi, kisha atie yote kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko na kuitikisa kwa nguvu. Itaachana mapema zaidi, lakini itatikiswa tena mezani na ladha ni ile ile.

Wafaransa hupima mafuta mara tatu ya siki. Hapa nimeyapunguza kwa makusudi, kwa sababu asali inahitaji uchachu wa kupambana nayo. Sosi ya moshi ikikosa uchachu huwa kama mchuzi wa nyama choma uliomwagikia majani kwa bahati mbaya. Na usiionje kwa kijiko. Chovya jani la saladi, litafune, ndipo uamue. Kwenye kijiko itakuwa kali kupita kiasi, na utaongeza asali isiyohitajika.

Iende na nini? Majani ya saladi yaliyokaushwa vizuri, maana maji huifukuza sosi. Mahindi ya kuchoma yaliyopukuchuliwa, maharage mekundu yaliyopoa, parachichi, vitunguu vyembamba, na juu yake mabaki ya kuku wa jana. Viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu vinaipenda kupita kiasi. Kachumbari usiiguse. Nyanya zake hutoa maji, sosi ikapwaya, na kachumbari yenyewe tangu hapo haikuwa na upungufu wowote wa ndimu na chumvi.

Ihifadhi kwenye friji, kwenye chupa safi, na uitumie ndani ya wiki moja. Isikae mezani usiku kucha: vitunguu saumu vikikaa kwenye mafuta penye joto huweza kuotesha vijidudu vya sumu ya botulizimu, ambavyo havibadilishi harufu wala ladha ya chakula. Uchachu wa siki unasaidia, lakini usiutegemee peke yake. Ikiganda kwa baridi, iache nje dakika chache na uitikise.

Na kama nyumbani kuna mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, asionjeshwe sosi hii hata kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kubeba mbegu za vijidudu hivyo hivyo, na utumbo wake bado hauna uwezo wa kuvizuia.