Chumvi ya duka, chumvi ya majivu: maji yake hayafanani

Mama wa msituni anayechoma mimea ya majini, akachuja majivu na kupika maji yake mpaka chumvi ibaki, anajua kwamba maji yale yanateleza mkononi kama sabuni. Maji ya chumvi ya duka hayatelezi. Yana pH 7, sawa na maji safi. Kwa nini?

Chumvi ya duka ni sodiamu na kloridi. Ndani ya maji zinaachana, kila moja iko kivyake. Sodiamu inatoka kwa soda kali, kloridi inatoka kwa asidi kali. Hakuna inayonyang'anya maji kitu.

Majivu nayo yana kloridi ya potasiamu, ambayo pia haigeuzi pH. Lakini yana kaboneti, na huyo ndiye mwenye fujo: ni ya asidi dhaifu, inanyakua haidrojeni ya maji, na kinachobaki kinapandisha pH kupita 10. Ndiyo maana maharagwe yanalainika haraka. Basi wazazi, maji mazito ya majivu yasiachwe karibu na watoto: yanaunguza mdomo na koo.