Pikapu Kuukuu ya Mizigo: Anzeni Kukagua Chini, Siyo Injini



Tangu mwaka huu uanze, matawi matatu yametuuliza swali lile lile. Mawili ni ya mashamba ya chai upande wa Fort Portal, na moja ni la kiwanda cha sukari upande wa Jinja. Wanachama wameweka akiba pamoja, na sasa wanataka kununua pikapu ya Toyota Land Cruiser iliyokwisha tumika, ili wabebe ndizi, mahindi na mbao, na siku nyingine wavute tela. Wanauliza: tutajuaje kama gari ni zima?

Sisi si mafundi wa gereji. Lakini katika kazi ya kuzunguka matawini tumepanda pikapu nyingi, na nyingine tumezisukuma. Tumevisaidia vikundi vinne kununua. Kimoja kati ya hivyo tulikisaidia vibaya, na habari yake tutaieleza bila kuficha, kwa sababu fedha zilizopotea hazikuwa zetu peke yetu.

Kikundi hicho kilikuwa na watu 22, wengi wao wachumaji wa chai. Waliweka akiba miaka mitatu, kisha wakaongeza mkopo. Tulikwenda nao mjini kwa muuzaji mmoja, tukaonyeshwa pikapu nyeupe yenye rangi mpya. Injini iliwaka kwa mara ya kwanza, moshi hakuna, mngurumo safi. Tukasimama kuizunguka injini ile kama watu wanaosikiliza mpira redioni. Hakuna hata mmoja wetu aliyelala chini kutazama tumbo la gari. Mwezi wa nne, ikipanda kilima na magunia ya mahindi, pikapu ilipinda katikati kama ng'ombe aliyevunjika mgongo. Chasisi ilikatika nyuma tu ya kebini. Palikuwa na ufa wa siku nyingi, umechomelewa kisha umepakwa lami nyeusi. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Injini yenyewe ilibaki nzima, ikauzwa peke yake kwa bei ndogo, na wenzetu wakaendelea kulipa mkopo mwaka mzima kwa ajili ya gari ambalo halipo.

Ndiyo maana tunasema: anzeni chini. Injini ikiharibika hutengenezwa, na spea za Land Cruiser zinapatikana karibu kila mji. Lakini kinachobeba mzigo si injini. Mzigo unabebwa na chasisi, yaani vile vyuma viwili virefu vilivyolala chini ya gari, na springi, na ekseli. Kinachousimamisha mzigo ni breki. Muuzaji anajua kwamba mnunuzi hutega sikio kwenye injini, basi hapo ndipo anapotia fedha yake.

Mwambieni muuzaji aoshe gari chini kabla hamjafika. Akikataa, osheni wenyewe kwa maji na brashi ya waya. Kisha mmoja wenu alale chini na tochi, mwingine ashike nyundo ndogo. Mfuate chasisi kutoka mbele hadi nyuma, pande zote mbili. Tazameni zaidi nyuma ya kebini, mahali springi za nyuma zinaposhikiliwa, na mahali chuma cha kuvutia tela kilipofungwa. Hapo ndipo nyufa huanza. Palipochomelewa huonekana kama kovu. Palipopakwa lami mpya kipande kimoja tu, wakati kwingine ni vumbi na kutu ya kawaida, pakwangueni. Gongeni kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya debe bovu. Chukueni pia sumaku. Isiponasa, basi pale ni puti iliyopakwa rangi.

Springi za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Hesabuni vya upande wa kulia na vya upande wa kushoto, vilingane. Mkikuta vimeongezwa, jueni gari hilo lilizoea kubeba kupita kiasi. Watu wengi husifu, wakisema, "Hii imeongezewa springi, inabeba tani mbili." Springi huongezwa, lakini chasisi, ekseli, beringi na breki hubaki zile zile za kiwandani. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi za aina hii zina fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye valvu ya breki iliyo juu kwenye chasisi. Mzigo ukishusha gari, fimbo huiambia valvu ipeleke nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukiongeza springi, gari halishuki, na valvu hudhani gari ni tupu. Basi unateremka na mzigo wa tani huku breki za nyuma zimelegea. Wengine huing'oa kabisa fimbo hiyo. Itafuteni. Isipokuwapo, ulizeni iko wapi.

Matairi nayo hutoa ushahidi. Yale ya nyuma yakiwa yamelika kwa upande wa ndani tu, inawezekana ekseli imepinda kwa uzito. Mkiona oili imevuja kutoka katikati ya gurudumu la nyuma, fungueni dramu, maana oili hiyo huingia kwenye breki. Kwa upande wa mbele, tazameni yale mafundo makubwa ya chuma nyuma ya magurudumu. Yakiwa yamejaa grisi iliyochanganyika na oili, sili zimekufa. Hiyo si sababu ya kukataa gari, ni sababu ya kupunguza bei.

Sasa hesabu ya mzigo. Hapa wenzetu wa viwandani hawana haja ya mwalimu. Kila mfanyakazi wa kiwanda cha sukari ameona trekta la miwa likipanda mizani likiwa limejaa, kisha likipanda tupu, na karani akitoa. Kila mchumaji wa chai anajua kilo moja ina thamani gani, na anajua pia mizani ikichezewa nani huumia. Basi itumieni akili hiyo hiyo kwa gari lenu. Tafuteni kibati cha uzito, kwenye mlango au chini ya boneti, au kitabu cha gari, muone uzito wa mwisho ambao gari pamoja na vyote vilivyomo haufai kuupita. Kisha gari lipelekwe mizanini likiwa tupu.

Tuseme uzito wa mwisho ni kilo 3,300, na gari tupu lenye dizeli, gurudumu la akiba na kizimba cha chuma kilichoongezwa ni kilo 2,200. Zinabaki kilo 1,100. Dereva na utingo wawili ni kama kilo 210. Zinabaki 890. Mkifunga tela lenye uzito wa kilo 1,500, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani kilo 150, hulalia ndoano na kuwa mzigo wa pikapu. Zinabaki 740. Hayo ni magunia saba ya mahindi ya kilo mia. Ndugu, ni saba! Sote tumeona pikapu ya namna hii ikipita na magunia kumi na tano na watu wamekaa juu yake. Kikundi kikipanga kulipa mkopo kwa kutegemea magunia kumi na tano kila safari, kimekwisha shindwa kabla hakijanunua. Fanyeni hesabu ya faida kwa magunia saba. Isipotosha, basi kinachohitajika si pikapu bali lori dogo. (Na hao watu wa juu ya magunia: tumepigana miaka mingi ili waajiri wasiwabebe wachumaji namna hiyo. Tusianze kuwabeba sisi.)

Kuhusu tela, mambo ni mazito zaidi. Nchini Australia, ambako Land Cruiser za namba 79 hutumika sana mashambani na migodini, kampuni yenyewe imeandika kwamba gari hilo linaweza kuvuta kilo 3,500 tela likiwa na breki zake. Tela lisilo na breki ni kilo 750 tu. Gari ni lile lile na injini ni ile ile. Iliyoleta tofauti hiyo ni breki. Matela mengi yanayotengenezwa na mafundi wa kuchomelea wa kwetu hayana breki hata kidogo. Kupanda, injini italivuta bila kulalamika, na ndipo mtu anapodanganyika. Wakati wa kuteremka tela huisukuma pikapu, breki hupata moto, pedali huzama, na dereva hana la kufanya. Kwa hiyo anayesema, "Gari hili linavuta tani tatu," muulizeni tela lake lina breki gani. Mzigo ndani ya tela uwekwe juu ya magurudumu na kusogezwa mbele kidogo. Ukilundikwa nyuma, tela huanza kuyumba na kuivuta pikapu mkia huku na huku.

Chuma cha kuvutia kiwe kimefungwa kwa bolti kwenye chasisi zote mbili. Kikiwa kimechomelewa kwenye bampa, hicho ni cha kuvutia gari lililokwama kwenye tope, si cha tela.

Injini tutaisema kwa ufupi, kwani mafundi wake ni wengi. Zilizo nyingi kwetu ni ile ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo, iitwayo 1HZ. Ni injini mvumilivu. Fikeni asubuhi, mkaiguse kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji alikwisha iwasha ili kuficha uzito wake wa kuamka. Ikinguruma, fungueni kifuniko cha oili: mvuke mdogo si neno, lakini ikipuliza kama chungu kinachochemka, pistoni zimechoka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Maji ya radieta yakiwa na mafuta juu, acheni. Injini hii ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila baada ya kilomita zilizoandikwa kitabuni, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Muuzaji asipokuwa na karatasi ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabuni kwamba haukubadilishwa, mtoe gharama yake kwenye bei. Saa ya kilomita msiiamini. Tazameni pedali na kiti cha dereva.

Kisha mulijaribu likiwa na mzigo. Gari tupu halisemi ukweli. Pakieni magunia ya mchanga, mpande kilima kirefu, mtazame mshale wa joto. Mkirudi, teremkeni kwa gia ya pili au ya tatu bila kukanyaga mafuta. Gia ikiruka yenyewe, gari hilo halifai kuteremka na tela. Gia ikishika, na mkanyage breki mara moja kwa nguvu mahali salama, mwone kama linakwenda upande.

Karatasi nazo si jambo dogo. Tangu sheria ya mwaka 2018, magari yaliyofikia umri wa miaka 15 hayaruhusiwi tena kuingizwa Uganda. Kwa hiyo zile namba 75 za zamani, ambazo kutengenezwa kwake kulikoma mwaka 1999, zilizopo ni zile zilizokwisha kuwamo nchini, na nyingine zimeunganishwa kutoka magari mawili. Namba ya chasisi imepigwa kwenye chuma chenyewe upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Isugueni, muisome herufi kwa herufi mkilinganisha na kadi. Ikiwa imekwanguliwa au imezungukwa na alama za kuchomelea, msitoe hata shilingi ya kianzio.

Tawi litakalopata gari lituletee habari ofisini kabla ya kulipa. Yuko mwenzetu wa karakana ya kiwanda aliyekubali kwenda kukagua siku zake za mapumziko, na ana jeki, tochi na nyundo yake. Nauli na chakula chake ni juu ya kikundi. Atahitaji siku nzima, kwa hiyo msimpeleke saa kumi jioni wakati muuzaji anataka kufunga.