Shina Liache, Jaribu Kwenye Tawi

Sikio la kiboko likimkatikia mchongaji wa Tabaka mkononi, halirudi. Jiwe la Kisii ni laini, linakubali kisu na msasa, lakini halina kumbukumbu. Fundi atapunguza tu mwili mpaka apate kiboko mdogo zaidi. Msimbo wa programu si jiwe, ila wengi wanaouandika kwa simu huuchonga kana kwamba ni jiwe. Wanafungua faili ileile, wanafuta, wanaongeza, wanahifadhi juu ya kazi ya jana, na programu ikigoma hawajui ni mstari upi ulioiangusha. Dawa ipo, nayo ni matawi ya Git. Wengi huichukulia kuwa dawa ya watu wa kompyuta na ofisi. Mimi naona inamfaa mwenye simu hata zaidi.

Tuanze na tawi lenyewe, maana jina linatisha kuliko kitu. Git ni programu ya kutunza historia ya mradi, iliyoanzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005 baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu waliyotunzia historia awali. Kila unapohifadhi hatua ya kazi yako, Git huipa hatua hiyo kitambulisho cha herufi na tarakimu 40. Tawi ni faili ndogo iliyobeba kitambulisho kimoja cha namna hiyo, basi: baiti 41 ukihesabu na alama ya mwisho wa mstari. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160, kwa hiyo ungebeba matawi matatu na nafasi ikabaki. Kufungua tawi hakunakili mradi, wala hakuhitaji mtandao. Kwenye Android, Termux, programu ya kuandikia amri, huisakinisha Git kwa amri ya pkg install git; bando huliwa hapo, kisha matawi yote utakayofungua ni ya bure.

Chukua kazi inayoeleweka Nyamira, malipo ya wachumaji chai. Tuseme kijana wa Kebirigo ameandika programu ya Python inayopokea kilo za kila mchumaji na kuzizidisha kwa kiwango cha siku. Inakubali kilo nzima tu; nusu kilo huandikwa pembeni kwenye daftari. Nusu kilo kwa siku ni kilo 12 kwa siku 24, na hizo ni kilo za kugombaniwa. Marekebisho yanaonekana mepesi: palipo na int weka float. Lakini kompyuta hutunza desimali kwa hesabu ya mbilimbili, na Python ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 hujibu 0.30000000000000004. Mkia huo ukitokea kwenye karatasi ya malipo, nani ataiamini? Njia safi ni kuhesabu kwa gramu, namba nzima, na mabadiliko hayo yanagusa karibu kila mstari. Saa kumi na moja jioni inafika, majani yamepimwa, wachumaji wanangoja, na kazi iko nusu. Kama kijana alianza kwa git switch -c gramu, atahifadhi hatua aliyofikia, aandike git switch main, yaani arudi kwenye shina, na programu ya jana itarudi ilivyokuwa, na kasoro yake inayojulikana, awalipe watu. (Amri ya switch iliingia mwaka 2019, anayetumia checkout ya zamani hajakosea.) Usiku atarudi kwenye tawi la gramu, aingize kilo za wiki iliyopita ambazo jumla yake tayari iko daftarini, alinganishe.

Simu ndiyo inayoifanya hoja iwe nzito. Kidole gumba kwenye kibodi ya kioo hugusa herufi mbili kwa pamoja, na mabano yakipotea kwenye skrini ndogo ni shida kuyaona. Juu ya hayo, Android huzima programu zilizo nyuma ili kuokoa kumbukumbu, na tangu Android 12 imeweka kikomo cha michakato 32 inayozaliwa na programu, hivyo Termux inaweza kukatika katikati ya kazi. Git inastahimili hali hiyo kwa ujanja mdogo: kitambulisho kipya huandikwa kwanza kwenye faili yenye mkia wa .lock, kisha faili hiyo hubadilishwa jina. Ikikatwa kabla ya hapo, tawi bado linaelekeza pale pa zamani. Kinachobaki ni faili ya .lock, ambayo utaifuta ukishahakikisha hakuna amri nyingine ya Git inayoendelea.

Yuko atakayesema kunakili folda kunatosha kwa mtu anayefanya kazi peke yake. Kunakili kukikatwa njiani hukuachia folda nusu yenye jina kamili. Na hata ikiwa kamili, baada ya mwezi utakuta chai-mpya, chai-mpya-2 na chai-mpya-ya-kweli, na hakuna inayokuambia ilibadilisha nini. Amri ya git diff main itakuambia mstari kwa mstari. Wa peke yake anahitaji hilo zaidi, kwa kuwa hana mwenzake wa kumkumbusha. Na anayeona Git ni ya wakubwa akumbuke kuwa kiini cha Android ni Linux, kwa hiyo msimbo unaoendesha simu aliyoishika umepita kwenye matawi hayohayo.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: tawi hulinda msimbo, halilindi data. Faili ya hifadhidata ya SQLite yenye kumbukumbu za wachumaji, ikiwa haijawekwa chini ya Git, haibadiliki unapohama tawi. Ni kama Keroka, mji uliokaa mpakani, Kisii upande huu na Nyamira upande ule. Kijana akijaribu tawi la gramu kwa kutumia faili halisi, kilo 12.5 zitaandikwa 12500. Akirudi main, programu ya zamani itazisoma kama kilo elfu kumi na mbili na mia tano. Kwa hiyo jaribio lipewe faili yake ya data, nakala yenye jina tofauti. Vivyo hivyo, mabadiliko ambayo hujayahifadhi kama hatua hayana tawi: ama Git itakataa kuhama, ama yatakufuata hadi main. Na ukiiondoa Termux, kila kilicho ndani ya folda yake ya nyumbani huondoka nayo, matawi yakiwemo, sawa na simu ikiibwa. Hapo ndipo bando lina kazi, kusukuma matawi kwenye seva. Git hutuma tu hatua ambazo seva haina, kwa hiyo kazi ya siku ni kilobaiti chache.

Gramu zikikubaliana na daftari, git merge gramu ukiwa main huziingiza kwenye shina, na tawi hufutwa kwa git branch -d gramu. Git hukataa kulifuta kama halijaunganishwa. Ukilazimisha kwa -D, huondoa lile jina tu. Andika git reflog, na kwa mipangilio ya kawaida utazikuta hatua zake bado zipo hadi siku 30.