Maduka Yanayofungwa na Redio ya Taifa: Wabunge wa Uingereza Wanabishana Nini?



Ijumaa ya tarehe 24 Mei 2024 Bunge la Uingereza lilikuwa mbioni kama abiria anayefunga virago huku gari limeshapiga honi. Siku mbili kabla, Waziri Mkuu Rishi Sunak alikuwa amesimama nje ya ofisi yake, mvua ikimnyeshea, akatangaza uchaguzi wa tarehe 4 Julai. Kwa desturi yao, mswada ambao haujamalizika Bunge linapofungwa unakufa. Haufufuki. Ukitakiwa tena, unaanza upya kabisa.

Basi siku hiyo Mswada wa Vyombo vya Habari ukapitishwa haraka haraka, ukawa Sheria ya Vyombo vya Habari ya 2024. Mswada mwingine mdogo, uliokuwa umeletwa na mbunge Jack Brereton wa Stoke-on-Trent, haukufika mwisho wa safari. Huo ulitaka kila kaunsili iteue walau barabara moja ya maduka katika eneo lake, ichunguze hali yake, kisha iandike mpango wa kuitengeneza. Redio na televisheni zikapata sheria, maduka yakaachwa yangoje.

Pengine wewe ulioko Kitui au Kakamega utauliza, hayo yanatuhusu nini? Kwanza, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambayo wengi wetu tulilelewa nayo tangu ilipoanza Juni 1957, inaishi kwa pesa zinazobishaniwa katika Bunge hilo. Pili, habari ya duka linalokufa katikati ya mji si ngeni kwetu. Nakumatt na Tuskys tumeziona zikianguka kwa macho yetu. Lakini leo tubaki huko kwao, tuone wanavyofanya.

Barabara yenyewe ni ipi?

Karibu kila mji wa Uingereza una barabara moja ya katikati. Hapo ndipo walipo mwokaji mikate, mwenye bucha, duka la dawa, posta, benki, na kilabu cha pombe. Mzee anayeishi peke yake anaenda pale asubuhi kununua maziwa, lakini ukweli ni kwamba ameenda kusalimiana na watu. Kwa hiyo duka likifungwa, haipotei biashara peke yake.

Na yamefungwa mengi. Woolworths, iliyofungua duka lake la kwanza la Uingereza mjini Liverpool mwaka 1909, ilianguka mwisho wa 2008. Kufikia Januari 2009 maduka yake yote, zaidi ya 800, yalikuwa yamefungwa, na watu kama 27,000 wakakosa kazi. BHS ikafuata 2016 na wafanyakazi 11,000. Debenhams ikafunga milango 2021. Wilko, yenye maduka 400 hivi, ikaanguka 2023. Benki nazo zikaondoka: matawi zaidi ya 6,000 yamefungwa tangu 2015. Sisi wenye M-Pesa tunaweza kushangaa kwamba benki kuhama inaweza kumtesa mtu, lakini kule mzee asiyejua simu ya kisasa anabaki anapanda basi kwenda mji wa pili kutoa pesa zake mwenyewe. Jambo hilo lilipigiwa kelele hata mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya kulinda njia za watu kupata pesa taslimu.

Sababu ni nyingi zilizorundikana. Supamaketi kubwa zilijengwa nje ya mji, zenye nafasi ya kuegesha magari bure, wakati kaunsili inatoza ada ya kuegesha katikati ya mji. Halafu ikaja intaneti. Wakati wa korona, mwanzoni mwa 2021, zaidi ya thuluthi ya mauzo ya rejareja yalifanyika kwa intaneti, na ingawa yalishuka baadaye, hayajarudi chini kama zamani.

Lakini sababu inayowafanya wabunge wapandishe sauti ni kodi.

Hesabu ya mwenye duka

Kule England, mwenye duka analipa ushuru wa majengo ya biashara. Serikali inakadiria jengo lake lingekodishwa kwa kiasi gani kwa mwaka, kisha inazidisha kadirio hilo kwa kiwango kilichowekwa. Hauangalii kama ameuza au hajauza. Tuchukue duka lililokadiriwa pauni 20,000. Mwaka wa fedha wa 2024 hadi 2025 kiwango cha majengo madogo kilikuwa senti 49.9 kwa kila pauni, kwa hiyo ushuru ni pauni 9,980. Serikali ilikuwa ikitoa nafuu ya asilimia 75 kwa maduka na hoteli, kwa hiyo mwenye duka akalipa pauni 2,495. Mwaka uliofuata nafuu ikapunguzwa kuwa asilimia 40. Duka lile lile, rafu zile zile, sasa analipa pauni 5,988. Imepanda zaidi ya mara mbili kwa mwaka mmoja.

Sasa mwenye ghala kubwa nje ya mji, anayeuza kwa intaneti, anakadiriwa kwa bei ya ardhi ya kule mashambani, ambayo kwa kila mita ni ndogo kuliko ya katikati ya mji. Hapo ndipo kilio cha haki kilipoanzia. Serikali ya Labour, iliyoingia Julai 2024, ilileta mswada uliokuwa sheria Aprili 2025. Maduka, mikahawa na sehemu za burudani zilizokadiriwa chini ya pauni 500,000 zikapangiwa kiwango cha chini kuanzia Aprili 2026, na majengo yaliyofika kiasi hicho au kukizidi yakapangiwa cha juu ili kufidia. Wapinzani wakasema, lakini mmekata nafuu kwanza! Na kweli ndivyo. Duka letu la pauni 20,000, kama kadirio lingebaki palepale, kwa kiwango kipya cha senti 38.2 lingelipa pauni 7,640, yaani zaidi ya mwaka uliotangulia, kwa sababu ile nafuu ya asilimia 40 ilifika mwisho. Tofauti ni kwamba kiwango kiko ndani ya sheria na hakingoji huruma ya waziri kila mwaka wa bajeti. Ni faida, lakini ukimwambia mwenye duka hivyo atakuangalia tu.

Pesa za ruzuku nazo zilimwagwa. Mwaka 2011 Bi. Mary Portas, mtaalamu wa maduka anayejulikana kwa vipindi vya televisheni, aliandika ripoti yenye mapendekezo 28. Mwaka uliofuata miji 12 ya kwanza ikagawiwa pauni milioni 1.2, kama laki moja kwa kila mji. Ukitengeneza viti vya barabarani na soko la Jumamosi, laki imekwisha. Baadaye, Desemba 2020, miji 72 ikatajwa kupata hadi pauni milioni 830. Mimi naona ruzuku ya namna hii ina shida moja kubwa: inapaka rangi ukuta wa duka ambalo funguo zake ziko kwa mtu mwingine.

Mtu huyo ni landilodi. Mara nyingi mwenye jengo ni kampuni iliyo mbali, labda mfuko wa pensheni, ambayo haijawahi kukanyaga mji huo. Kwa nini aache duka tupu miaka miwili badala ya kupunguza kodi? Kwa sababu thamani ya jengo katika vitabu vyake inahesabiwa kutokana na kodi. Akikubali kodi ndogo, amekiri kwamba jengo limeshuka thamani, na benki iliyomkopesha itauliza maswali. Duka tupu lenye kodi kubwa ya kwenye karatasi linampendeza kuliko duka lenye mtu.

Bunge liligusa jipu hilo katika sheria ya 2023, na kanuni zake zikaanza tarehe 2 Desemba 2024. Duka likiwa tupu zaidi ya siku 365 ndani ya miezi 24, kaunsili inaweza kumpa mwenyewe notisi atafute mpangaji. Asipofanya hivyo, kaunsili inapiga mnada haki ya kupanga duka hilo, kwa mwaka mmoja hadi mitano, bila bei ya chini iliyowekwa. Mwenye jengo anaweza kuchagua miongoni mwa waliotoa bei, na akikataa kuchagua, anachukuliwa aliyetoa kodi kubwa zaidi. Kaunsili za Bassetlaw, Darlington na Mansfield zilikuwa miongoni mwa za kwanza kujitokeza. Ugumu ni kwamba mnada unahitaji mwanasheria na afisa wa kaunsili, na kaunsili nyingi hazina pesa hata za kuziba mashimo ya barabara.

Na redio ya taifa?

BBC ilianza mwaka 1922 kama kampuni, ikawa shirika la umma tarehe 1 Januari 1927 kwa Hati ya Kifalme. Hati hiyo ina mwisho, na ya sasa inaisha tarehe 31 Desemba 2027. Kila inapokaribia kuisha, ubishi unazuka: nani alipe, na kiasi gani?

Mpaka sasa wanalipa wenye nyumba kwa leseni ya televisheni. Wazee wetu wanaokumbuka vibali vya redio vya siku za Sauti ya Kenya wataelewa upesi. Leseni iligandishwa miaka miwili kuanzia 2022 kwa pauni 159, na Aprili 2025 ikafika pauni 174.50. Tajiri na maskini wanalipa sawa. Anayetazama bila leseni anafikishwa kortini na faini inaweza kufika pauni 1,000, na kama robo tatu ya wanaohukumiwa ni wanawake, kwa kuwa ndio wanaokutwa nyumbani mkaguzi akibisha hodi. Hili limesemwa Bungeni mara nyingi. Bado ni kosa la jinai.

Kuna habari ya wazee pia. Kuanzia mwaka 2000 waliofika miaka 75 walipewa leseni bure, serikali ikalipa. Baadaye serikali ikaona mzigo ni mzito, na kwa sheria ya 2017 ikaisukumia BBC uamuzi pamoja na gharama yake. BBC ikasema ikibeba yote itabidi ifunge vituo. Tangu Agosti 2020 leseni ya bure imebaki kwa wazee wanaopokea msaada wa serikali wa pensheni tu. Lawama zilipokuja, mawaziri walinyosha kidole kwa BBC, na BBC ikanyosha kwa mawaziri.

Mwaka 2022 ilipotangazwa kwamba vituo 39 vya redio za mitaa vya BBC katika England vitaanza kuchangia vipindi, wabunge wa vyama vyote walisimama kulalamika. Hapo ndipo utaona maneno ya barabara ya maduka na ya redio yanavyokutana. Mbunge yule yule aliyelilia benki ya mji wake ndiye aliyelilia kipindi cha alasiri cha mji wake. Na kipindi kikatoka kama benki ilivyotoka, maana BBC haichukui amri za Bunge juu ya ratiba yake, na wabunge wenyewe wanakubali kwamba isichukue.

Je, kelele za Bungeni zimewahi kuleta kitu? Zimewahi. Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ilirudi nyuma katika ahadi yake ya kuanzisha televisheni ya lugha ya Wales. Mzee Gwynfor Evans, mkuu wa chama cha Plaid Cymru aliyewahi kuwa mbunge, akatangaza kwamba atagoma kula hadi kufa kuanzia mwezi wa Oktoba. Watu wengine walikuwa wamekataa kulipa leseni. Septemba serikali ikasalimu amri, kabla mzee hajakosa hata mlo mmoja. Kituo cha S4C kikaanza tarehe 1 Novemba 1982 na kipo mpaka leo. Ile sheria ya Mei 2024 niliyoanza nayo imekiruhusu kitangaze hata nje ya Wales, tena inataka televisheni za kisasa zenye intaneti ziweke vituo vya umma mahali vinapoonekana upesi, visizikwe chini ya kampuni za Marekani.

Mwaka 2011 pia, serikali ilipokata pesa za Idhaa ya Dunia, lugha tano zilifungwa, mojawapo Kireno cha Afrika. Tarehe 19 Mei wabunge wakajadili na kupitisha hoja ya kuitaka serikali ifikirie tena. Mwezi uliofuata ikaongezwa pauni milioni 2.2 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Si nyingi. Lugha zile tano hazikurudi kwa pesa hizo.

Tangu 2014 Idhaa ya Dunia inalishwa zaidi na leseni ya Mwingereza, na juu yake ruzuku ya serikali, iliyokuwa pauni milioni 137 kwa mwaka wa 2025 hadi 2026. Yaani mama wa Darlington analipa leseni, na sehemu yake inalipa mtangazaji aliye Nairobi, ambako BBC ilifungua mwaka 2018 ofisi yake kubwa kuliko zote nje ya Uingereza. BBC inaomba serikali irudie kubeba gharama yote kama zamani. Hati mpya ndiyo itakayosema nani analipa, na pia kama leseni itabaki, au watafanya kama Ujerumani, ambako tangu 2013 kila nyumba inalipa iwe na televisheni au haina, au kama Ufaransa, iliyofuta leseni mwaka 2022 na kulipa kutoka kodi.